Mzee wa Sindano Alisema Hapana, Mimi Nikatafsiri Ndiyo

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na kama inawezekana anza kunisaidia kabla hujafika mwisho wa barua hii, kwa sababu ukishafika mwisho huenda ukaona karatasi yenyewe inafaa zaidi kufungia karanga.

Mimi ni mwanamume wa makamo, kitambi ninacho, nywele zilishaniaga, na mke ninaye mmoja tu, ambaye ndiye sababu ya kuandika. Mke wangu ana saratani. Ilianza kwenye titi, akafanyiwa upasuaji, tukashukuru, tukadhani tumeufunga mlango, kumbe mwizi alishapita dirishani, ugonjwa ukawa umehamia kwenye mifupa. Daktari wetu, binti mpole ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani, alituketisha kwenye kile chumba chake chenye sinki na kalenda, akatueleza sote wawili, kwa lugha tunayoielewa sote wawili, kwamba sasa hatuzungumzii tena kupona, tunazungumzia kuuzuia ugonjwa usiende mbio, kumpa mgonjwa muda, na kuufanya muda huo uwe wa kuishi na si wa kugaagaa. Mke wangu akasema, “Asante, daktari,” akachukua mkoba wake, na njia nzima hadi nyumbani hakutoa neno, na kama ungemjua ungejua kwamba hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana huyu ni fundi cherehani wa sare za shule, tangu asubuhi anagombana na wazazi kuhusu urefu wa suruali, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake.

Dripu zikaanza. Sijui, mshauri, kama umewahi kukaa na mtu anayetumia dripu zile, lakini mke wangu alitapika mpaka akawa anatapika kitu ambacho hakipo, anakaa sakafuni bafuni ameegemeza shavu kwenye ndoo kama mtu anayesikiliza redio, na ile harufu ya kitambaa kipya inayotoka jora linapofunguliwa, harufu iliyotulisha na kutusomeshea watoto hadi wakaoa na kuolewa, ikawa ndiyo inayomtapisha kuliko zote, hadi akaifunika cherehani yake kwa shuka kama maiti. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na glasi ya maji, faida yangu ikiwa sawa na ya kitasa.

Nesi wa pale kwenye dripu ndiye aliyetuambia kwamba wagonjwa wengine huenda kwa matabibu wa Kichina wakachomwa zile sindano nyembamba, na wapo ambao kichefuchefu huwapungua, akasema daktari hana neno na hilo ili mradi damu ipimwe kwanza, ila akainua kidole: “Sindano sawa. Lakini chochote cha kunywa watakachowapa, kipite hapa kwanza tukione. Msije mkatuchanganyia dawa.” Nilimsikia vizuri kabisa, naomba uliweke hilo upande wa makosa yangu.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi na ujuzi wangu. Miaka mingi nilikuwa mtunza stoo kwenye mradi wa barabara, kampuni ya Wachina, na kwa kuwa wasimamizi walikuwa wanakuja dirishani kwangu kuomba koleo na mimi nawapa toroli, nikaona heri nijifunze lugha yao kabla sijapigwa na hilo koleo. Kichina changu ni cha kokoto na lami, siwezi kumtongoza mtu nacho, lakini kukisikia nakisikia, na haikuchukua muda wakanifanya mkalimani. Na ukalimani wangu ulikuwa na mtindo wake. Msimamizi akisema, “Hawa watu hata kobe angewapita,” mimi nawageukia vijana nasema, “Anasema mmejitahidi, bado kipande kidogo tu.” Vijana wakijibu, “Mwambie huyo kichwa tikiti aje alishike koleo yeye,” mimi namgeukia msimamizi nasema, “Wanasema jua ni kali, wanaomba maji.” Maji yanaletwa, kipande kinamalizika, kila mmoja anakwenda zake akimwona mwenzake ni muungwana. Barabara ile iliisha bila ngumi hata moja, wakubwa na wadogo wakaniita Daraja, na mimi nikavimba kichwa nikaamini Mungu amenipa kipaji.

Basi nikampeleka mke wangu. Chumba cha tabibu kiko ghorofani juu ya duka la viatu: kitanda chembamba, picha ya mtu asiye na nguo aliyejaa vidoti kama ana tetekuwanga, kabati lenye vidroo vingi vya mizizi na magome na maganda makavu, na harufu kama ya mbao zilizonyeshewa. Tabibu mwenyewe ni mzee mkavu, mtulivu, Kiswahili chake chote ni “karibu”, “pole”, “lala” na “vuta pumzi”, na kinamtosha kwa watu wenye migongo. Mke wangu akampa jina papo hapo: mzee wa sindano. Mzee akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu kupima mapigo, kisha akamwashiria atoe ulimi.

“Anautazamia nini?” mke wangu akaniuliza.

“Anasema ulimi unaonyesha hali ya mwili.”

“Mwambie huu umeshaonyesha watu wengi hali zao.”

Hilo sikulitafsiri, lakini mzee alicheka, nadhani ulimi wa mke wangu hauhitaji mkalimani. Kisha mzee akanigeukia mimi, akazungumza polepole, kama anayejua kwamba naelewa kokoto kuliko maradhi. Akasema: ugonjwa huu mimi siwezi kuuondoa, na mtu wa kazi yangu akikuambia anaweza, mkimbie. Hospitali ndiyo inayopambana nao. Mimi nitamsaidia asitapike sana, apate usingizi, apate hamu ya kula, ili awe na nguvu za kurudi hospitali. Mwambie hivyo hivyo, asinitegemee kwa kitu nisichokuwa nacho.

“Anasemaje?” mke wangu akauliza.

Mshauri, laiti ungekuwepo. Tangu ile siku ya daktari mke wangu hakuwa amemuuliza mtu yeyote kitu chochote. Sasa alikuwa amejiinua kwa viwiko juu ya kile kitanda, kitambaa cha kichwa kimemteleza, upara wake umefanana na wangu, na ananitazama mdomoni, si machoni, mdomoni, kama mtoto anayesubiri kijiko. Nikafungua mdomo, na aliyetoka ni Daraja.

Nikasema, “Anasema utapona. Anasema mwili wako una nguvu kuliko ugonjwa, ni kusaidiwa tu.”

Akalia. Hakuwa amelia hospitali, akalia pale, na yule mzee akampa kitambaa cha kujifutia na mimi akaniinamishia kichwa kwa heshima, akiamini kwamba mwanamke huyu analia kwa kuambiwa ukweli, na kwamba mimi ni mume jasiri.

Na sindano zikamsaidia, hilo ndilo lililonimaliza. Kichefuchefu kikapungua, usingizi ukarudi, siku moja nikamkuta jikoni amekula mayai yake akala na yangu, na haikupita muda akaivua ile cherehani shuka, akafungua jora, akalinusa, akasema, “Nilikukosa, mshenzi wewe,” na siku ile ile akamfokea mama mmoja aliyetaka sketi ya mwanawe ikatwe juu ya goti. Nilisimama nyuma ya mlango nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikajiambia, unaona? Uongo gani huo unaorudisha mtu kazini?

Mzee akatufungia na vifurushi vya mitishamba vya kuchemsha, lakini kabla hajanikabidhi akaniuliza, “Daktari wa hospitali ataviona kwanza?” Nikasema ataviona. Tuliporudi akauliza, “Ameviona?” Nikasema ameviona, amefurahi. Vifurushi vile navichemsha na mke wangu anakunywa, lakini havijawahi kutoka jikoni kwangu kwenda hospitali, mshauri. Niliogopa kwamba yule binti daktari akiviona atauliza mzee wa sindano kasema nini, na mke wangu atajibu kwa furaha, “Kasema nitapona,” na hapo daktari hatamtazama mke wangu, atanitazama mimi.

Kisha siku moja, tukiwa kwa mzee, sindano zimemsimama mke wangu mikononi na miguuni kama nungunungu, akasema, “Hebu muulize, kama yeye ananiponya, zile dripu ni za nini tena? Kwa nini huku napona, huku najitapisha?”

Swali hilo nililiuliza kama lilivyo, naapa, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka mzee ndiye aseme ili mimi nisiseme. Mzee aliruka kwenye kiti. Akasema: hapana, asiache, asithubutu kuacha kwa sababu yangu, nani amemwambia mimi namponya? Mwambie sasa hivi! Akapiga kiganja mezani, pamba zikaanguka sakafuni.

“Mbona kafoka?” mke wangu akauliza.

Na mimi, mtu mzima, babu wa watu, nikasema, “Amewakasirikia hospitali, wanavyokutesa. Anasema uamuzi ni wako.”

Kisha nikamgeukia mzee nikasema, “Ameelewa. Hataacha.”

Mzee akatabasamu, mke wangu akatabasamu, wakatazamana kwa mapenzi juu ya kichwa changu, kama kule barabarani.

Amekosa dripu moja, akakosa na ya pili. Hospitali walipopiga simu, nilipokea mimi, nikasema ana mafua. Sasa nyonga yake ya kushoto inamuuma, anachechemea kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni ameshika ukuta, jasho linamtoka puani, na anafurahi, mshauri, anafurahi! “Unaona?” ananiambia. “Dawa inautoa. Kitu kikitoka lazima kiume.” Ameagiza majora ya msimu ujao wa shule, ya bluu na ya kijani na ya maruni, yamejaa sebuleni hadi dirishani, mimi napita katikati yake ubavuubavu na kitambi changu, na kila nikipita najiuliza ni nani atakayeyakata.

Nilivumilia hayo yote kwa woga wangu wa kawaida, lakini kuna lililonishinda. Mwalimu mmoja mstaafu, mjane, aliyekuwa akikaa kiti cha jirani na mke wangu kwenye dripu, alikuja kumjulia hali. Akamkuta ana pini mdomoni na mashavu yamerudi. Mke wangu akamsimulia kila kitu, mimi niko jikoni namimina chai, nayasikia maneno yangu mwenyewe yakisimuliwa na kutiwa viungo.

“Kwa hiyo yeye kasema utapona?” mwalimu akauliza. “Kwa mdomo wake?”

“Kwa mdomo wa huyu hapa,” mke wangu akasema, akaninyooshea pini nilipotokea na sinia. “Muulize. Mume wangu ana kasoro zote unazozijua, na nyingine huzijui, lakini Kichina anakijua.”

Mwalimu akanitazama. Ni mwanamke aliyekonda mpaka miwani inamshuka. Akasema, “Shemeji, basi Alhamisi unipeleke na mimi. Hata mimi zile dripu zimenichosha, nilikuwa natafuta wa kuniambia niache. Unitafsirie kama ulivyomtafsiria mwenzangu.”

Nikasema, “Bila shaka, shemeji. Sukari kiasi gani?”

Nikimwambia mke wangu ukweli, nitakuwa nimemvunja kwa mikono yangu, atarudi sakafuni kwenye ile ndoo bila hata ile harufu ya jora ya kumfariji. Nikinyamaza, ugonjwa utanisemea, na siku hiyo atanigeukia aniulize, “Mzee anasemaje?” na sijui nitajibu nini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema afanye nini yule aliyeyaficha maradhi ya mwingine. Nimechoka na mdomo wangu. Naomba uniambie nifanye nini, na kama lipo neno ambalo kwalo ukweli unaweza kusemwa pasipo kumvunja mtu, nipe hilo neno, maana nimelitafuta kwa lugha mbili sijaliona.

Ni mimi,
Daraja

MSHAURI ANAJIBU

Daraja,

Neno hilo halipo. Tuanzie hapo ili usipoteze muda kulitafuta kwa lugha ya tatu.

Pole sana. Nakupa pole hii mapema na kwa moyo wote, kwa sababu huko mbele sidhani kama utaiona tena. Mtu aliyesimama mlangoni na glasi ya maji, akimtazama mkewe sakafuni, kisha macho ya mke huyo huyo yakamwomba neno moja zuri, si mtu mbaya akilitoa. Wengi tungelitoa. Mimi nimeolewa muda mrefu na mwanamume asiyejua kudanganya hata kuhusu chumvi kwenye mchuzi, na ziko siku nimetamani mume wa aina yako.

Lakini sasa nisikilize, ndugu yangu. Kule barabarani ulichokuwa unabadilisha ni matusi. Tusi likimwagika njiani hakuna aliyepungukiwa. Huyu mzee hakukupa tusi umfikishie mkeo, alikupa maelekezo ya tiba, na wewe ukayamwaga, ukajaza chupa maji ya sukari, ukaliacha jina lake juu ya chupa. Mkeo anaamua juu ya uhai wake bila kujua alichoambiwa. Mzee anamfungia mtu mitishamba bila kujua kwamba mtu huyo ameacha hospitali. Daktari anasubiri mgonjwa wa mafua. Anayejua yote ni mmoja tu, naye anauliza watu sukari kiasi gani!

Na mzee huyo usije ukamtupia lawama ukibanwa, maana nawajua wanaume wa makamo mkibanwa. Alisema anachokiweza na asichokiweza. Sindano zake zimefanya kile kile alichosema zitafanya: mgonjwa hatapiki, analala, anakula mayai ya mumewe. Kumsaidia mtu mwenye saratani afike hospitali akiwa na nguvu zake ni kazi yenye heshima tele, hata kama haimponyi. Ulikuwa na haja gani ya kuipandisha cheo?

Unasema ukweli utamvunja. Hebu isome tena barua yako. Ukweli alishaambiwa, uso kwa uso, akiwa amekaa kando yako. Hakuvunjika, alinyamaza. Alihitaji mtu wa kukaa naye ndani ya ukimya ule, na wewe, kwa kuwa huwezi kuvumilia kimya cha watu wawili, ukamchorea mlango ukutani. Na nikuambie lingine ambalo limenikosesha raha tangu niisome barua yako: yawezekana anajua. Mwanamke anayepima suruali ya mtoto kwa jicho tu, ashindwe kuusoma uso wa mumewe? Huenda aliuona uongo wako siku ile ile, akaushika kwa sababu ulimpa kwa mapenzi. Usije ukajificha hapo. Kama anajua, basi anaumwa peke yake huku akikutunza wewe, na hilo ni baya kuliko yote uliyoandika.

Sasa fanya ninavyokuambia, na uanze leo. Saratani ikiwa kwenye mifupa, nyonga inayouma hadi mtu ashike ukuta si dawa inayotoa ugonjwa. Mfupa kama huo unaweza kuvunjika kwa hatua moja. Mguu huo asiukanyagie, majora asiyabebe, na wewe uwapigie hospitali uwaambie habari ya nyonga na habari ya dripu alizokosa, na ukifika kwenye yale mafua uyafute. Ukiona miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, au ameshindwa kwenda haja, usingoje miadi, hiyo ni dharura ya siku ile ile.

Sufuria ya mitishamba izime. Siyo kwamba nasema mitishamba ile ni mibaya, mimi siijui, na wewe pia huijui. Ipo isiyo na neno, na ipo inayogombana na dawa za hospitali, au kulichosha ini, au kuizuia damu isigande. Nesi alikuambia, na mzee mwenyewe alikuuliza tena na tena, kwa hiyo kuisitisha hadi ichunguzwe si kumtukana mzee, ni kutimiza sharti lake. Beba vifurushi vyenyewe uende navyo. Usiende kuvieleza kwa maneno, maneno yako kwa sasa hayana soko.

Sindano ni jambo jingine. Daktari akipima damu akaridhika, mke wako aendelee nazo kama anazitaka. Usimnyang'anye kitu kilichomrudishia kifungua kinywa eti kwa kuwa wewe umetubu. Ila kwa mzee usirudi kama mkalimani. Tafuta mwingine, awe mtu asiyempenda mkeo hata kidogo, wewe ukae kwenye benchi nje umshikie mkoba. Na ukapate na wewe zamu yako ya kumwambia mzee kwamba ulimdanganya. Naye ana haki ya kukupigia kiganja mezani.

Mkeo umwambie nyumbani, mchana, mkiwa wawili. Usianze na habari za barabara, anazijua. Usianze na mapenzi, utayatumia kama ngao. Sema: “Mzee hakusema utapona. Hakusema uache dripu, alisema usiache. Mimi ndiye niliyesema.” Basi. Ukisikia neno “lakini” linakuja, limeze. Atalia, au atakutukana kwa ule ulimi wake hadi majirani wazime redio, au atarudi kwenye cherehani bila kusema kitu. Lolote kati ya hayo, kaa pale pale uliache liwe kama lilivyo. Najua kukaa hivyo kutakushinda, kaa tu.

Ukitoka hapo, nenda kwa mwalimu siku hiyo hiyo, Alhamisi usiingoje. Ukishindwa na mkeo, kwa mwalimu usishindwe. Yeye hana mume wa kumficha wala wa kumwambia, na alikuambia waziwazi kwamba anatafuta wa kumruhusu aache. Mwambie mtu huyo si wewe, wala si mzee wa sindano. Akitaka sindano za kutuliza kichefuchefu, amuulize nesi wake kama mlivyomuuliza nyinyi.

Mkeo akishaujua ukweli, kuamua ni kwake. Huenda akarudi kwenye dripu. Huenda akasema zimemtosha, na hiyo ni haki yake, ili mradi aseme mbele ya daktari akijua anachokisema, na wewe usiwe katikati. Na huenda, sikufichi, daktari akasema kwamba muda uliopotea haurudi na ugonjwa umeshakwenda mbali. Hilo likisemwa, litasemwa ukiwepo, na hutakuwa na lugha ya kuligeuzia. Hata hapo bado ipo dawa ya maumivu, ipo mionzi ya kutuliza mfupa, zipo siku za kuishi, na atahitaji mtu wa kukaa naye asiyejaribu kuzirefusha kwa mdomo.

Hujaniuliza kama atakusamehe, na nakushukuru kwa hilo, maana sijui. Lakini hospitali mwende hata kama hasemi na wewe. Tafuta gari, asitembee. Akitaka kukaa kiti cha nyuma peke yake, mwache akae, wewe panda mbele na dereva, na mfikapo umfungulie mlango umpe bega. Nyonga inayouma haisubiri msamaha.